Rangi ya Maji ya Chupa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Hospitali ya National Women's mjini Auckland, New Zealand, walikuwapo wajawazito ambao hawakuwa na ugonjwa wowote, na bado madaktari waliwahofia kuliko wagonjwa. Mama anakula, anatembea, presha yake haina neno. Lakini ukiuliza habari za uzazi wake unaambiwa mtoto wa kwanza alizaliwa mzima, wa pili aligeuka manjano, wa tatu alitoka mfu, amevimba maji mwili mzima. Sasa ana mimba ya nne, wiki ya 30, na mtoto anacheza tumboni. Azalishwe leo, mtoto afe kwa mapafu machanga? Au asubiriwe, afie humo humo?

Ultrasaundi ilikuwa bado changa, haijafika wodini. Kilichokuwapo ni sindano ndefu na mrija wa kioo. Daktari alichoma tumbo la mama, akavuta mililita chache za maji ya chupa, yale yanayomzunguka mtoto, akayaficha yasipigwe na mwanga na kuyapeleka maabara. Yakiwa hayana rangi, mtoto anaweza kungoja. Yakiwa ya manjano iliyokolea, muda umekwisha. Aliyeijua maana ya manjano hiyo kuliko wote alikuwa daktari wa umri wa miaka thelathini na kitu, William Liley, na sehemu kubwa ya habari hii ni yake. Ila yeye alikuta kazi imeshaanzwa na watu wengi, baadhi yao karne kadhaa kabla.

Mwaka 1609 Louise Bourgeois, mkunga wa Malkia Marie de Médicis wa Ufaransa, alieleza kwa maandishi habari za pacha aliowaona. Mmoja alizaliwa amevimba maji akafa hapo hapo. Mwenzake akageuka manjano, akafa siku chache baadaye. Bourgeois hakuwa na namna ya kujua kwamba ameona sura mbili za ugonjwa mmoja zikitoka katika tumbo moja. Waliokuja baada yake waliutenganisha: wa kuvimba maji wakaupa jina lake, wa manjano lake, na ule wa mtoto mweupe asiye na damu lake. Mwaka 1892 J. W. Ballantyne wa Edinburgh alieleza kwa makini watoto waliojaa maji, wakiwa na ini na wengu vilivyokua kupita kiasi, lakini chanzo hakukipata. Ni mwaka 1932 tu ambapo Louis Diamond, Kenneth Blackfan na James Baty wa Boston walitazama damu ya watoto wa makundi hayo matatu kwa hadubini na kukuta kitu kile kile: chembe nyekundu changa, bado zina kiini, zimetumwa kazini kabla ya wakati. Mwili wa mtoto ulikuwa unapoteza damu upesi kuliko unavyoitengeneza, ukawa unatuma hata zile zisizokomaa.

Inapotelea wapi? Hapo ndipo ninapomheshimu Ruth Darrow, mtaalamu wa patholojia wa Chicago, ambaye mwenyewe alikuwa amempoteza mtoto kwa ugonjwa huu. Mwaka 1938 aliandika kwamba lazima mwili wa mama unatengeneza kingamwili dhidi ya kitu fulani cha mtoto, na kingamwili hizo zinavuka kondo la nyuma na kumrudia. Kitu chenyewe alikikosea. Alidhani ni hemoglobini ya kichanga. Lakini njia aliionyesha sawasawa, kwa kufikiri tu, bila kipimo hata kimoja cha kumuunga mkono.

Kipimo kilikuja mwaka uliofuata, na kilianzia kwenye ajali. Huko New York mama mmoja alijifungua mtoto mfu, akavuja damu, akaongezewa ya mumewe. Makundi yao yalilingana, wote O, na hata hivyo mwili wake uliikataa damu ile kwa kishindo. Philip Levine na Rufus Stetson walichukua maji ya damu yake wakayachanganya na chembe za watu 104 ambao kwa hesabu za wakati ule walipaswa kuelewana naye. Chembe za watu 80 ziliganda mafungu. Kulikuwa, basi, na alama nyingine juu ya chembe nyekundu, ambayo mama huyu hakuwa nayo na walio wengi walikuwa nayo, na Levine na Stetson wakasema huenda aliipata kutoka kwa mtoto wake. Mwaka 1940 Karl Landsteiner na Alexander Wiener waliwachoma sungura damu ya kima aina ya rhesus, wakapata dawa ya kupimia iliyogandisha damu ya watu 85 kati ya kila Wazungu 100 wa mji ule. Ndipo tukapata Rh. Baadaye ilibainika kwamba alama ya kima na ile ya binadamu si kitu kimoja, lakini jina lilikuwa limeshakaa, nani alibadilishe? Alama inayosumbua zaidi leo huitwa D. Wazungu wasio nayo ni kama 15 kati ya 100. Afrika Mashariki ni wachache zaidi, yapata 5.

Kufikia 1941 Levine na wenzake walikuwa wameifunga hoja. Mama hana D, mtoto ameirithi kwa baba. Wakati wa kujifungua matone ya damu ya mtoto huingia kwa mama, mwili wa mama huiona alama ngeni na kujifunza kuipiga vita. Mtoto wa kwanza amekwisha kutoka, amenusurika. Wa pili na wa tatu ndio wanaolipa.

Kugandisha chembe kwenye mrija, hata hivyo, kulikuwa na kasoro moja mbaya. Kingamwili zinazovuka kondo ni zile ndogo, na hizo hung'ang'ania chembe bila kuziunganisha. Ukitazama mrija huoni kitu, unamwambia mama hana tatizo, na mtoto anakufa. Robin Coombs wa Cambridge, ambaye kwa masomo yake ya kwanza alikuwa daktari wa mifugo, alisema ufumbuzi ulimjia usiku ndani ya treni yenye mwanga hafifu: kingamwili ya binadamu ni protini, basi mchome mnyama protini hiyo, naye atatengeneza kingamwili dhidi ya kingamwili. Dawa hiyo ukiidondoshea chembe zilizokwisha kuvamiwa kimya kimya, zinashikamana mbele ya macho yako. Mwaka 1945 Coombs, Arthur Mourant na Robert Race waliitangaza. Mwitalia Carlo Moreschi alikuwa ameeleza wazo kama hilo mwaka 1908 na hakuna aliyemsikiliza. Kipimo cha Coombs hakijastaafu mpaka leo. Benki ya damu isiyo nacho ni ghala la mifuko tu.

Kwa kipimo cha Coombs, maabara iliweza sasa kuzimua maji ya damu ya mama mara mbili, mara nne, mara nane, na kuona zinafika wapi kingamwili zake. Ikifika 1:16 au 1:32, maabara nyingi huinua bendera. Lakini hapo ulikuwa unapima hasira ya mama, hujapima damu ya mtoto. Mama mwenye kiwango kikubwa kutokana na mimba zilizopita anaweza kuwa amebeba mtoto asiye na D kabisa, aliye salama salimini. Mwingine mwenye kiwango cha wastani mtoto wake anazama.

Anazama kweli, na inafaa kueleza namna yake. Chembe zilizopakwa kingamwili zinavunjwavunjwa kwenye wengu wa mtoto. Ini na wengu hujitwisha kazi ya kutengeneza nyingine, vikavimba. Ini lililolemewa linashindwa kutoa protini ya kutosha ya kushika maji ndani ya mishipa. Moyo unaosukuma damu nyepesi nao unachoka. Maji yanavuja: kwanza tumboni, halafu kifuani kuyazunguka mapafu na moyo, mwisho chini ya ngozi, hadi kichwa kinavimba. Mtoto akifika hapo upungufu wake wa damu ni mkubwa mno. Kwa hiyo kuona maji ni kuona habari za jana. Aliyetaka kuokoa alihitaji kujua kabla ya maji.

Douglas Bevis wa Manchester ndiye aliyethubutu kwenda kuchota dalili pale alipo mtoto mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alivuta maji ya chupa kwa sindano kutoka kwa akina mama wenye kingamwili, jambo ambalo wakati ule wengi waliliona la hatari isiyo na maana, na mwaka 1952 na tena 1956 akaonyesha kwamba rangi za damu iliyovunjika zimo humo. Chembe nyekundu ikivunjwa huacha bilirubini, ile ile inayofanya macho yawe manjano. Kiasi kikubwa kinapita kwenye kondo na kusafishwa na ini la mama, ndiyo maana mtoto hageuki manjano hadi atoke. Kidogo kinachuruzikia kwenye maji. Bevis alikuwa amepata tundu la kuchungulia.

Liley alizaliwa Auckland mwaka 1929, na kabla ya kurudi kwenye uzazi alikuwa Canberra, kwenye maabara ya John Eccles, akipima mishtuko midogo kabisa ya umeme pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Naamini mazoea yale ya kupima kitu kidogo, tena na tena, ndiyo yaliyomfaa baadaye kuliko ukunga wote aliojifunza. Aliyapitisha maji ya chupa kwenye spektrofotometa na kuangalia ni kiasi gani cha mwanga wa urefu wa nanomita 450 kinamezwa. Hapo ndipo bilirubini inapojisema. Lakini namba peke yake ilikuwa inadanganya. Liley aligundua kwamba hata kwa mtoto mzima bilirubini hupungua kadiri mimba inavyokua. Kipimo kisichotisha katika wiki ya 28 ni cha kuogofya katika wiki ya 36. Akachora namba hizo zote kwenye karatasi, majuma chini, mwanga pembeni, na kwa kulinganisha na yaliyowapata watoto akaigawa karatasi kwa mistari miwili ya mteremko. Kanda ya chini: mwache mtoto akomae. Ya kati: rudia kipimo. Ya juu: mtoto anakufa, chukua hatua. Makala ilitoka mwaka 1961, na katika muda mfupi karatasi ya Liley ilikuwa imebandikwa kwenye kuta za hospitali za nchi nyingi.

Sindano yenyewe haikuwa bila lawama. Ikigusa kondo, inachanganya damu ya mtoto na ya mama, na kumchochea mama atengeneze kingamwili zaidi. Sampuli ikiingia damu au kinyesi cha mtoto, inaharibika. Ikiachwa juani, manjano inafifia na mtoto mgonjwa anaandikwa mzima.

Sasa Liley alikuwa na balaa jipya: anajua. Mtoto ambaye bado ni mchanga mno akiangukia kanda ya juu, hakuna wa kumzalisha akaishi, na hakuna cha kumpa aliko. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mtafiti wa elimu ya urithi aliyepitia Auckland baada ya kukaa Nigeria alimweleza Liley jinsi watoto wenye selimundu walivyoongezewa damu huko: pale mshipa unaposhindikana kupatikana, damu ilimiminwa kwenye uwazi wa tumbo, na chembe zikanyonywa zenyewe hadi kwenye mzunguko. Liley alikuwa tayari, bila kukusudia, amewahi kuingiza sindano ndani ya tumbo la mtoto aliyejaa maji. Akaunganisha mambo mawili. Tunazoea kusoma kwamba utabibu ulitoka kwao kuja kwetu. Hapa ujuzi wa wodi ya watoto ya Afrika Magharibi ulivuka bahari kwenda upande wa pili.

Namna alivyofanya bado inanistaajabisha. Alimwaga kwenye maji ya chupa dawa inayoonekana kwa eksirei. Mtoto akainywa, kama wanavyoyanywa maji yale kila siku, na saa kadhaa baadaye utumbo wake ukaonekana kwenye picha. Hiyo ndiyo ikawa shabaha. Sindano nene ikapita kwenye tumbo la mama, kwenye kizazi, ikaingia tumbo la mtoto; mrija mwembamba wa plastiki ukapitishwa ndani yake, na chembe nyekundu za O hasi zikasukumwa polepole. Watatu wa kwanza walikufa. Wa nne alizaliwa hai Septemba 1963, na Novemba mwaka huo jarida la madaktari la Uingereza likatoa habari. Mwalimu wake Eccles alipata Tuzo ya Nobel mwaka huo huo. Liley hakuipata, ingawa mwaka 1973 alipewa cheo cha Sir. Hospitali ile ile iliyopata sifa kwake ilikuja kuchunguzwa na tume mwaka 1987 kwa sababu ya wanawake walioachwa bila tiba ya mabadiliko ya shingo ya kizazi, na wala si haki kuusifu upande mmoja wa jengo na kunyamazia mwingine.

Kwa watoto waliokwisha kujaa maji njia ya Liley ilikuwa dhaifu, kwani tumbo lililojaa halinyonyi vizuri. Hao walisubiri hadi mwaka 1981, Charles Rodeck wa London alipoweza kuingiza damu moja kwa moja kwenye mshipa kwa kutumia kidude cha kuonea, na 1983, Fernand Daffos wa Paris alipoufikia mshipa wa kitovu kwa sindano akiongozwa na ultrasaundi. Sasa damu ya mtoto ilishikika mkononi. Unapima hemoglobini yake, kundi lake, Coombs yake, unamwongezea hapo hapo.

Wakati huo wagonjwa wenyewe walikuwa wanapungua. Ronald Finn na Cyril Clarke huko Liverpool, na Vincent Freda, John Gorman na William Pollack huko New York, walikuwa wamefikia wazo moja kila kundi kivyake: mchome mama anti-D mara baada ya kujifungua, iziondoe chembe za mtoto kabla mwili wake haujazitambua. Dawa iliruhusiwa mwaka 1968. Kipimo kilichoandamana nayo kilikuwa kimeshabuniwa Ujerumani mwaka 1957 na Enno Kleihauer na wenzake. Unapaka damu ya mama kwenye kioo, unaiosha kwa asidi. Chembe za mtu mzima zinapauka, za mtoto zinabaki nyekundu, kwa sababu hemoglobini yake haiogopi asidi. Unazihesabu, unajua ni damu kiasi gani imevuka na sindano iwe ya ukubwa gani.

Ajabu ni kwamba mtoto kujaa maji hakukuisha. Rh ilipopungua, visa vilivyobaki, ambavyo leo ni karibu 90 kati ya 100, vilikuwa vya sababu nyingine: moyo wenye kasoro, kromosomu, kaswende. Hii ya mwisho kadi zetu za kliniki zinaiuliza siku ya kwanza, kando ya kundi la damu. Na kulikuwa na kirusi. Yvonne Cossart alikigundua London mwaka 1975 akitafuta kitu kingine, kwenye sampuli namba 19 ya kundi B, kikaitwa parvovirusi B19. Mwaka 1981 kilikutwa kwa watoto wenye selimundu ambao damu yao ilishuka ghafla. Mwaka 1984 kwa watoto waliokufa tumboni wakiwa wamejaa maji. Kinaua chembe changa huko huko zinakotengenezwa. Mama anaweza kukipata kwa mtoto wa chekechea mwenye vipele mashavuni, na kwenye ngozi nyeusi vipele hivyo ni rahisi kutoviona. Maabara humpima mama kingamwili zake, mpya na za zamani, na hapa Coombs ni safi kabisa.

Asia ya Kusini-Mashariki ilikuwa na chake. Lie-Injo Luan Eng, mtaalamu wa Indonesia, alieleza karibu na mwaka 1960 mtoto aliyejaa maji ambaye hemoglobini yake ilikuwa ya aina ngeni, Bart's, isiyoachia oksijeni. Mtoto hana hata jeni moja ya alfa kati ya nne. Mwaka 1976 Yuet Wai Kan wa San Francisco aliutambua ugonjwa wa jamii hiyo kwa kupima DNA ya mtoto akiwa tumboni, mara ya kwanza kwa ugonjwa wowote. Afrika upungufu wa jeni za alfa umeenea, lakini kwa kawaida kila kromosomu hukosa moja tu, kwa hiyo Bart's huku ni nadra mno.

Karatasi ya Liley iling'olewa ukutani na mawimbi ya sauti. Damu nyepesi hukimbia, na mwili wa mtoto hulinda ubongo kwanza; mwaka 2000 Giancarlo Mari na wenzake walipima kwa Dopla, yaani kwa mwangwi wa mawimbi hayo, kasi ya damu kwenye mshipa mkubwa wa ubongo wa watoto 111. Kasi ikizidi mara moja na nusu ya ile ya kawaida kwa umri wa mimba, mtoto ana upungufu mkubwa wa damu. Hakuna hata mmoja wa aina hiyo aliyewapita. Mwaka 2006 utafiti ulioongozwa na Dick Oepkes ulizishindanisha njia hizo mbili, Dopla ikashinda, na kuchoma sindano kwa ajili ya rangi tu kukakosa wa kukutetea.

Lile swali la nyuma, je, mtoto anayo D au hana, lilijibiwa kwa damu ya mkononi mwa mama. Dennis Lo na wenzake wa Oxford walionyesha mwaka 1997 kwamba vipande vya DNA ya mtoto vinaelea kwenye maji ya damu ya mama, na mwaka uliofuata wakavitumia kutafuta jeni ya D. Mama asiye nayo akikutwa nayo, ni ya mtoto. Mwaka 2016 taasisi ya Uingereza inayoitwa NICE ilipendekeza kipimo hicho, kwa kuwa akina mama kama 40 kati ya 100 walikuwa wanachomwa anti-D wakiwa na mtoto asiye na D.

Hoja kwamba D ikikutwa kwa mama asiye nayo ni ya mtoto ilitengenezwa kwa damu za Wazungu, ambao kati yao asiye na D kwa kawaida amepoteza jeni nzima. Mwaka 2000 Belinda Singleton na wenzake wa Bristol walichapisha kwamba karibu theluthi mbili ya Waafrika wasio na D waliowapima wanayo jeni yenyewe, imekaa mahali pake, ila imevunjika ndani na haisemi kitu. Chembe zao hazina D. DNA yao inasema ipo. Kwa mama wa namna hiyo, DNA yake mwenyewe inaifunika ya mtoto. Maabara zinazojua hili hupima vipande kadhaa vya jeni, kimojawapo kikiwa pale ile bubu inapotofautiana na nzima, na vipande visipoafikiana jibu huandikwa kwamba halikupatikana. Mama anachomwa anti-D kana kwamba mtoto anayo.